Krenki ya Netta

Dounby, Orkney
7 Oktoba 1962

Kaka Cyril,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi umekiacha mwezi uliopita. Huku sote wazima, isipokuwa banda la kuku. Upepo wa Jumanne uliling'oa ukaenda kulitua kwenye viazi vya Bwana Flett. Kuku wenyewe walibaki pale pale walipolala, wamekasirika. Bwana Flett anasema banda likiwa kwake basi na mayai ni yake. Ana miaka themanini na kidonda mguuni ninachokifunga kila asubuhi, na muda huo wote ni wa kunitania.

Unakula? Usinijibu "nakula". Niambie unakula nini. Tangu wifi Dot afariki, miaka miwili sasa, kila nikilifikiria jiko lile la Small Heath namwona kaka yangu amesimama kwenye sinki, anakula sadini kutoka kwenye kopo kwa uma uleule aliokorogea chai.

Kazi ni nyingi. Watoto wanazaliwa kama vile wameambiwa mlango unafungwa, na mimi ndiye nesi na mkunga wa eneo lote hili, kutoka ziwani hadi baharini.

Sasa nina jambo dogo. Ile pikipiki uliyonitengenezea, ya silinda mbili, inakwenda na kurudi, haijaniacha njiani hata mara moja. Ila siku hizi inatikisa. Au ilitikisa siku zote, na mimi ndiye niliyezeeka. Huko mjini mnapata mipira minene ya kushikia usukani, laini kuliko hii? Ukiipata nitumie jozi moja. Si jambo la haraka.

Dada yako,
Netta


Small Heath, Birmingham
21 Oktoba 1962

Mdogo wangu Netta,

Salamu nyingi. Kikohozi kimekwisha. Shangazi Floss anakusalimia. Amehamia chumba cha chini kwa sababu ya magoti, na sasa analalamika kwamba anamsikia kila mpita njia anachosema. Mimi nadhani ndicho alichokihamia. Ukungu umeanza. Jana nilikwenda karakana kwa kupapasa ukuta. Timu yetu imefungwa tena, sitaki kulizungumzia hilo.

Chakula: Jumapili tulikula nyama ya ng'ombe ya kuoka, viazi, na pudini iliyoumuka mpaka ikagusa paa la oveni. Umeridhika?

Mipira nimeituma kwa kifurushi. Lakini wewe ni nesi, unajua bandeji haiponyi mfupa. Injini yako inatikisa kwa sababu ndivyo ilivyoundwa. Pistoni zote mbili zimefungwa upande mmoja wa krenki, ule mhimili wa injini zinaouzungusha. Zinapanda pamoja, zinasimama pamoja, zinaporomoka pamoja. Chukua watu wawili warukeruke juu ya kitanda kimoja, tena kwa mpigo mmoja, uone kama sakafu haitalia. Viwanda vyetu vyote vinatengeneza hivyo kwa sababu ni rahisi kutengeneza na moto unawaka kwa zamu zinazolingana. Mimi nimechonga krenki hizo maisha yangu yote, na nazipenda, lakini sitasema uongo juu yake.

Sasa mimi nikuulize. Barua yako imeandikwa na nani? Najua ni wewe, kwa maneno. Lakini herufi zinayumba kama watu wanaotoka baa. Wewe ndiye uliyekuwa unaandika mpaka mwalimu anabandika daftari lako ukutani ili sisi wengine tuone aibu. Mikono ina nini?

Kaka yako,
Cyril


Dounby
11 Novemba 1962

Kaka Cyril,

Mipira imefika, asante, ni laini kama maandazi. Banda la kuku limerudi. Tulilibeba mimi, Davie Isbister na farasi wake, huku Bwana Flett amekaa dirishani anatuelekeza kama jemadari. Davie anaoa mwezi huu, na mchumba wake ni Inga, yule msichana mrefu wa posta. Kijiji kizima kimeshaamua nguo ya bibi harusi iweje, isipokuwa bibi harusi.

Dhoruba imekuwa mbaya. Meli ya kutoka bara, ile ya Scrabster, haikuvuka juma zima, ndiyo maana kifurushi kilichelewa.

Mipira imesaidia kidogo. Nasema kidogo. Wewe ungefanya nini kama pikipiki hii ingekuwa yako? Nauliza tu.

Na hilo neno "tulikula". Nyama ya kuoka, Cyril? Pudini iliyoumuka? Wewe ambaye ulipika yai likashika moto? Hiyo "tu" ni nani na nani? Kama ni Shangazi Floss basi nampa hongera, maana mara ya mwisho nilipokula kwake nilihitaji nyundo.

Dada yako,
Netta


Small Heath
2 Desemba 1962

Mdogo wangu,

Shangazi Floss mzima. Baridi inaingia mpaka kwenye vyuma, asubuhi mashine ya kukereza inanguruma kabla haijakubali kuzunguka. Naona hukunijibu juu ya mikono.

Nyama ya Jumapili ilikuwa nzuri, asante kwa kuuliza.

Umeuliza ningefanya nini. Ningeikata krenki katikati. Usishtuke, nimefikiria. Ningemgeuza mmoja wa wale warukaji wawili ili asiruke na mwenzake. Sio nusu duara kamili, maana hapo kitanda kitapepesuka huku na huku. Chini kidogo ya robo: digrii sabini na sita. Kwa nini hiyo? Kwa sababu pistoni haifiki kwenye mbio zake kubwa katikati ya safari. Inafika mapema kidogo, pale mkono wa chuma unaoiunganisha na krenki unapofanya kona ya mraba nayo, na katika injini yako hapo ni kwenye sabini na sita. Kwa hiyo mmoja akiwa amesimama kabisa kule juu, mwenzake yuko mbioni kwa nguvu zote. Anachokiachia mmoja, mwenzake anakipokea. Krenki haivutwi ikaachiwa, ikavutwa ikaachiwa. Jambo hili limezungumzwa kwenye vyumba vya chai vya viwanda tangu kabla ya vita, ila hakuna bosi aliyetaka kulilipia.

Bi Olive Hadley wa karakana ya jirani, anayesaga kemshafti, ile mihimili ya kufungulia vali, anasema tisini. Nimemwambia tisini ni ya maseremala. Amesema maseremala hawarudi nyumbani masikio yanalia. Bi Olive ana jibu la kila kitu. Tena Bi Olive anasema moto hautawaka tena kwa zamu sawa, kwa hiyo kemshafti lazima ichongwe upya, na hiyo ataichonga yeye. Nilimwambia nitapata ya kubabaishia, Bi Olive akanitazama tu.

Nitumie injini. Davie aifungue, aipakie sandukuni na majani makavu. Wakati huu wa baridi panda gari la halmashauri, si ulisema wamekuwa wakikupa na unakataa? Likubali.

Cyril


Dounby
28 Desemba 1962

Kaka Cyril,

Heri ya Krismasi iliyopita. Usiushangae mwandiko. Mimi ninasema, Bi Ruby Linklater, mwalimu wa shule yetu, anaandika, kwa sababu nimejikata kidole nikikata mkate.

Injini imeondoka na meli ya jana. Davie ameifunga vizuri kuliko alivyofungwa yeye kwenye suti ya harusi. Nimelikubali gari la halmashauri. Tayari nimelitumbukiza mtaroni mara moja, na Bwana Flett ameuliza kama nina mpango wa kulifuga humo.

Mimi nakubaliana na tisini. Ni kona ya meza, ni kona ya nyumba, mtu anaweza kuiona kwa macho. Sabini na sita ni nini? Ni umri wa mtu.

Huyo Bi Olive anaonekana ana akili. Jina lake limejaa barua yako mpaka nikaacha kuhesabu. Ana umri gani? Ana mume?

Dada yako,
Netta

(Mimi Ruby Linklater ninayeandika nimekatazwa kusema lolote la zaidi, kwa hiyo sisemi kwamba hakuna kidole chochote kilichokatwa. Heri ya mwaka mpya, Bwana Tromans.)


Small Heath
10 Februari 1963

Netta,

Nimechelewa kujibu na sitaomba radhi. Mji wote umeganda. Mabomba yamepasuka, tunayeyusha theluji kupata maji ya chai. Barua yako yenyewe ilikaa sijui wapi, ilinifikia katikati ya Januari. Shangazi Floss analala na koti na kofia.

Nitasema la kwanza kwanza. Krenki imevunjika.

Niliikata, nikaigeuza kwa sabini na sita, nikaichomelea kwa uangalifu ambao sijawahi kuutia kwenye chuma chochote. Niliinyoosha, nikaisaga, nikafunga injini kwenye benchi. Iliwaka vizuri kabisa. Netta, ilikuwa tamu! Nikaipandisha mwendo, na pale pale nikasikia mlio mdogo, kama kijiko kikivunjika ndani ya kikombe, kisha ikajifunga. Nilipofungua nikakuta ufa umezunguka penye kuchomelea, na kipande kimoja kimeinama. Hakuna aliyeumia. Lakini nilipokitazama kile kipande niliona njia ya kwenda kwa mmoja wa wagonjwa wako, mteremko wa mawe, na wewe juu ya pikipiki. Nilifunga karakana nikarudi nyumbani. Sikutaka kuigusa tena.

Bi Olive alikuja siku ya tatu. Alikalia kreti, akafungua mkate wake akaanza kula.

"Cyril," akasema, "umelala?"

"Kazi imekwisha," nikamwambia. "Ningemuua dada yangu."

"Hukumuua mtu. Umeharibu chuma. Uliunganisha kwa moto kitu kinachotaka bolti."

"Bolti zitalegea."

"Zikifungwa na wewe?"

Akaendelea kutafuna. "Vipande viwili, kila kimoja na pete yake, na gurudumu zito katikati. Unatoboa matundu unapotaka, kwa pembe unayotaka. Hata hiyo sabini na sita yako ya ajabu."

Basi nimeanza upya. Lakini kabla sijatoboa tundu lolote nataka jibu, na nalitaka kwa mkono wako mwenyewe, hata kama litachukua mwezi kuandika. Mikono yako ina nini? Mwalimu Linklater ana busara kuliko wewe. Mimi si mgonjwa wako wa kufichwa mambo.

Cyril


Dounby
24 Februari 1963

Kaka,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Unaona, naandika mwenyewe.

Tangu baridi ya mwaka juzi vidole vyangu vinageuka vyeupe. Vyeupe kama mshumaa, kutoka nchani hadi fundo la pili, na kunakuwa na mstari kabisa pale damu inapoishia. Nikishuka kwenye pikipiki sivihisi. Damu ikirudi navihisi mno, nasimama nyuma ya nyumba ya watu nikiuma kola ya koti mpaka iishe ndipo nibishe hodi. Mwanzo ilikuwa dakika chache, baadaye ikawa asubuhi nzima.

Septemba nilikwenda kwa mama mmoja kule Birsay. Niliweka mkono tumboni kutafuta kichwa cha mtoto, sikukipata. Hakikuwa kimepotea, Cyril. Kilikuwa pale pale chini ya kiganja changu na sikukihisi. Nilitoka nikamtuma mtu kwa Daktari Sclater, nikasema nina shaka na mkao wa mtoto. Alikuja, akashika, akasema mkao ni sawa kabisa, kisha akaitazama mikono yangu. Mtoto alizaliwa salama. Tulipotoka aliniambia, "Nesi, chagua. Pikipiki au mikono. Ukiendelea hivi nitakuombea kazi ya stoo ya dawa kule hospitali ya Kirkwall." Hakusema kwa ubaya. Mkunga asiyehisi ni mtu mwenye mkoba tu.

Ndiyo maana niliomba mipira. Sikukwambia kwa sababu wewe ndiye uliyeijenga pikipiki ile kwa mikono yako, mwaka ule ambao Dot alianza kuumwa, na niliona ilivyokushikilia. Ningekuambiaje kwamba ndiyo inayoniumiza?

Tangu niendeshe gari vidole vimeanza kurudi. Bado vinageuka nikishika maji baridi, lakini vinarudi haraka. Kwa hiyo mtu mwenye akili angebaki na gari. Ila gari linaishia barabara kubwa. Nusu ya nyumba ninazokwenda ziko mwisho wa njia ya matope ambayo hata kondoo wanaijutia, natembea na mkoba, nafika nimechoka kuliko mgonjwa. Na nikuambie ukweli wote sasa nikiwa nimeanza. Juu ya pikipiki ndipo mahali pekee ambapo kwa robo saa hakuna mtu anayenihitaji. Naipenda robo saa hiyo.

Ukisema haiwezekani nitakuelewa, na sanduku la vyuma utalirudisha au utalitupa.

Sasa zamu yako. Nani anaoka pudini?

Netta


Small Heath
24 Machi 1963

Netta mdogo wangu,

Theluji imeyeyuka. Kote ni matope na watu wanachekeana barabarani kama wagonjwa walioruhusiwa. Shangazi Floss amevua kofia.

Ungeniambia hayo Oktoba, nisingeng'ang'ania sabini na sita. Nisikilize. Injini ina mitikisiko miwili. Mmoja ni mkubwa wa polepole, ule unaousikia kitini. Mwingine ni mdogo wa haraka, unakwenda mara mbili kwa kila mzunguko, kama nyuki ndani ya usukani. Nilikuwa nafikiria raha ya krenki na nguvu za injini, na kwa hayo sabini na sita ni sawa, simwachii mtu neno. Lakini anayekula vidole ni yule nyuki. Na kwenye tisini, nyuki wa pistoni moja na nyuki wa nyingine wanasukumana pande mbili tofauti na wanafutana. Bi Olive alikuwa amelisema tangu mwanzo. Sikumsikiliza kwa sababu sikujua natengeneza kwa ajili ya nini.

Kwa hiyo ni tisini. Usinicheke.

Kuna jambo lingine. Tulipopima silinda tulikuta ukuta wa nyuma umelika kuliko wa mbele. Moto unapoisukuma pistoni chini, mkono wake unakuwa umelala upande, kwa hiyo pistoni inasugua ukuta. Olive akauliza kwa nini silinda lazima zikae juu ya katikati ya krenki kabisa, ni sheria ya nani? Tumezisogeza mbele, unene wa kucha tu, ili moto unapopiga, mkono uwe umesimama wima zaidi. Kuhamisha bolti za kitako cha silinda kulinichosha kuliko krenki yenyewe, lakini msuguano umepungua, unasikia kwa sikio.

Iliwaka Alhamisi. Inayumba kidogo upande na upande, nisikudanganye, haikuwa malaika. Lakini Olive aliweka kikombe chake cha chai kwenye benchi karibu na injini, nikapandisha mwendo mpaka pale ilipovunjika ile ya kwanza, nikapita hapo, nikaendelea. Chai ilichezacheza. Haikumwagika. Tukaiacha ikinguruma hivyo kutwa nzima, kisha nikafungua kila bolti nikapima. Hakuna iliyosogea. Mlio wake umebadilika, inadunda kama mtu anayechechemea kwa furaha. Jiandae kwa majirani.

Sasa zamu yangu, kama ulivyosema.

Olive anaoka pudini. Mume wake alifia vitani, kwenye meli, alimlea binti yake peke yake na binti ameolewa Leicester. Mwanzo alikuja kuazima faili, baadaye akaja kuirudisha, baadaye akaja bila faili. Sijui nilianza lini kuvaa shati safi kwenda karakana. Nimemwomba anioe. Soma ulivyosoma, ndivyo nilivyosema, ulimi ulinitoka. Akasema, "Nikuoe mimi? Haya, simama vizuri nikutazame." Kisha akasema, "Hujamwambia dada yako." Nikasema bado. Akasema, "Basi sijajibu."

Dot alikuwa rafiki yako kabla hajawa mke wangu. Wewe ndiye uliyemleta nyumbani, na wewe ndiye uliyemfumba macho alipofariki. Kila nikikaa kuandika jina la Olive namwona Dot na wewe mmekaa kwenye ngazi mnacheka, nageuza habari naandika juu ya kemshafti. Ukisema hapana sijui nitafanya nini, lakini nataka ulijue kutoka kwangu.

Pasaka nitaleta injini mwenyewe. Nije peke yangu?

Cyril


Dounby
30 Machi 1963

Kaka,

Kuku wazima, Bwana Flett mzima. Davie na Inga wanangoja mtoto, na usiulize harusi ilikuwa lini, huku hatuulizi.

Nilisoma barua yako bandani, nikaketi kwenye majani nikalia mpaka kuku wakahama. Nilimlilia Dot, kwa sababu sikupata muda wa kumlilia vizuri, nilikuwa nesi wakati ule. Halafu nikajiuliza angesema nini. Unajua angesema nini. Angesema, "Ameshindwa kumwambia mwanamke neno moja sawasawa hata mara ya pili?" Maana hukumposa hata yeye vizuri, alinisimulia, uliuliza kama anapenda kuishi karibu na kituo cha treni.

Njooni wawili. Nina vyumba viwili vya wageni na mtavitumia vyote viwili, kijiji hiki kina macho.

Mwambie alete viatu vya matope. Na mwambie sijasema hapana.

Netta


Dounby
9 Juni 1963

Wifi Olive,

Naandika nikikuwazia umeamka leo mke wa kaka yangu, na mimi sikuwapo. Simu ya maandishi niliyotuma ilikuwa na maneno machache, kwa hiyo ngoja nikueleze jinsi nilivyoikosa harusi yenu, na ukimaliza uniambie kama umenisamehe.

Alhamisi nilikuwa nimefunga mzigo. Nguo ya buluu ile uliyonichagulia Pasaka ilikuwa juu, na kofia ndani ya boksi lake. Nilibakiza kufunga mlango niwahi meli. Davie Isbister akaja mbio mbio bila kofia wala koti. Inga ameanza, mwezi mmoja kabla ya wakati. Daktari Sclater alikuwa kwenye kisiwa cha Hoy, asingerudi mpaka jioni. Nyumba ya Davie unaikumbuka, ndiyo ile uliyoniuliza kule kilimani kama inaishi watu au ndege.

Niliacha mzigo mlangoni nikapanda pikipiki. Njia ile ni matope na mawe mpaka juu, na sikupunguza mwendo. Nilikuwa nimeiendesha tangu mlipoifunga injini mkaondoka, unajua, lakini siku za jua na safari fupi, nikiogopa kama mtu anayekanyaga mguu uliotoka kwenye plasta. Siku ile kulikuwa na mvua ya ubavuni na upepo wa kaskazini, ile hali kabisa iliyokuwa ikiniua vidole. Watu walitoka milangoni kuniangalia. Bado hawajauzoea mlio, Bwana Flett huwa anapiga kelele dirishani kwamba injini ina kwikwi.

Nilipofika nilivua glavu pale uani nikatazama vidole. Sikutaka kutazama, lakini nilitazama. Vilikuwa vyekundu, wifi. Vyekundu na vimelowa, vyote kumi.

Inga alikuwa amefika mbali. Kichwa kilipotoka nilipitisha kidole shingoni mwa mtoto, kama tunavyofanya siku zote, na kitovu kilikuwa kimemzunguka, kimekaza, tena mara mbili. Hapo huoni kitu, unahisi tu. Nilihisi mshipa ukipiga ndani yake, dhaifu, na nikahisi pale palipokuwa na nafasi ya ukucha wangu kupita. Nikamwambia Inga, "Usisukume. Pumua tu, mama, pumua kama mbwa aliyekimbia." Nikautelezesha mzunguko wa kwanza juu ya kichwa, kisha wa pili. "Haya sasa." Akatoka wa kijivu, mdogo kama sungura, akakaa kimya muda ambao sitaki kuukumbuka. Nikamsugua mgongo kwa viganja, nikampapasa, nikamsugua tena. Akakunja uso. Halafu akalia kwa hasira zote za ukoo wa Isbister.

Ni msichana. Davie alikaa chini sakafuni pale pale aliposimama.

Meli ilikuwa imeshaondoka zamani. Nilibaki nao mpaka Daktari alipofika. Alimpima mtoto, akampima mama, akaniuliza mzunguko ulikuwa wa mara ngapi, nikamwambia. Akasema, "Nitawaandikia wa stoo ya Kirkwall waache kukungoja." Akaenda kunywa chai.

Mwambie Cyril bolti nilizipima Ijumaa, kama alivyonielekeza. Mwambie pia sijui angeishije hadi uzeeni na sisi wanawake wawili wa digrii tisini kama asingekubali.

Njooni Agosti, mkae muda mrefu. Chumba kimoja safari hii.

Na hili nakwambia wewe, si yeye, maana yeye atajikohoza na kutoka nje. Nilipokuwa nambadilisha Inga shuka nilimgusa shavu kuona kama ana homa. Alifumbua macho. Binti huyu nimemfunga vidonda vya magoti tangu ana miaka sita, ameguswa na mikono hii maisha yake yote. Akakishika kiganja changu akakibakiza pale shavuni.

"Nesi," akasema, "mikono yako leo ina joto."

Wako,
Netta